Aliyeshuka Kuzimu kwa Hiari

Kambarage, Shinyanga
17 Januari 1982

Kaka Bujiku,

Shikamoo. Huku sisi wazima. Mama Shaaban, mwenye nyumba wangu, anakusalimu. Anasema umwambie mwanawe Shaaban kwamba huko dukani kwenu mle mchana kama watu, msingoje mpaka mfunge duka. Anaamini Geita yote inakula usiku tu.

Nina ombi. Tangu baba alipofariki wewe ndiye mwenye kauli nyumbani, kwa hiyo nakuomba ruhusa. Nataka kubatizwa Pasaka hii. Huu ni mwaka wa pili nafundishwa na Katekista Thobias, na hakuna aliyenilazimisha. Unanijua, nikilazimishwa hunyamaza tu. Hili nalitaka mwenyewe. Nasadiki kwamba Mungu aliumba kila kitu, na kwamba alimtuma Mwanawe, akafa kwa ajili yetu, akafufuka. Hata lile la Mungu mmoja katika Nafsi tatu halinisumbui sana. Hesabu za kidato cha tatu nazo sizielewi, na bado naamini ziko sawa.

Nimekwama kwenye neno moja tu. Katika Kanuni ya Imani, yale maneno tunayosema wote kwa pamoja kutaja tunachosadiki, tukishasema Yesu alikufa akazikwa, tunasema akashukia kuzimu. Wenzangu wanapita hapo kama wanavyopita mlangoni. Mimi nasimama. Kwetu kuzimu ndiko alikokwenda baba. Ndiko tunakomwagia pombe, tukiita majina ya wazee mmoja mmoja. Darasani naona haya kuuliza. Geuza karatasi, nimeendelea kwenye ya pili.

Kwa hiyo nakuuliza wewe juu ya kuzimu. Nimeambiwa kuna mtu aliyeshuka huko kwa hiari yake, hakusukumwa na mtu, huku mama yake yuko juu analia. Tangu nilipoanza kumfikiria sipati usingizi. Alifuata nini kule chini? Na waliokuwamo humo aliwafanyia nini? Wewe ni mkubwa, tena unajua mambo ya nyumbani kuliko mimi. Usinifiche.

Mdogo wako,
Mbuke

*

Nyarugusu
2 Februari 1982

Kwako Mbuke,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa chapachapa, lori lilinyeshewa njia nzima. Karatasi ya kwanza imekuwa bluu yote, nimesoma ya pili tu. Imetosha!

Nani kakwambia habari za Kuzimu? Na nani kamwambia mama, mpaka analia? Nimemkaba Shaaban, ameapa kwa Mungu wake kwamba hajamwambia mtu, hata mama yake mzazi. Basi ni Masele, mwenzetu wa kazi, maana mdomo wake hauna kitasa.

Haya, umeshajua. Duka halipo. Halijawahi kuwapo. Mimi na Shaaban tunachimba dhahabu huku Nyarugusu tangu mavuno ya mwaka jana. Shimo huku tunaliita duara, na kila duara lina jina lake. La majirani linaitwa Ulaya, kwa sababu wameshaona dhahabu. Letu linaitwa Kuzimu, kwa sababu ni refu na waliolianza walitoka mikono mitupu. Ni jina tu. Usilie kwa ajili ya jina.

Unauliza huyo aliyeshuka kwa hiari ni nani. Ni mimi. Hakuna aliyenisukuma. Nimefuata nini? Nimefuata kile wanachofuata wote. Na waliomo humo siwafanyii kitu, tunapasua mawe pamoja, tunatukanana, tunapanda juu.

Mwambie mama asilie. Kuta tumezishikiza kwa matimba, magogo mazito kabisa, nimeyapanga mimi mwenyewe. Na Mama Shaaban asijue kamwe! Yule akijua, atakuja huku kwa miguu na mwiko mkononi.

Kaka yako,
Bujiku

*

Kambarage, Shinyanga
14 Februari 1982

Kaka Bujiku,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako chooni, maana ndiko peke yake hapa nyumbani ambako mtu haulizwi anasoma nini.

Mimi nilikuwa nauliza habari za Yesu.

Karatasi ya kwanza ndiyo iliyosema hivyo. Aliyeshuka kuzimu ni Yesu, anayelia ni Mama Maria. Mama yetu hajalia, yuko Bugarama analima, hajui lolote. Masele simjui hata sura. Hakuna aliyeniambia, kaka. Wewe ndiye uliyeniambia. Na sasa sijui niitupe wapi hii habari. Nikimwambia mama nimekusaliti, nisipomwambia nimemdanganya, na amri za Mungu hazina mahali panaposema mtu afanyeje akibanwa katikati.

Jana jioni Mama Shaaban alikuwa anachambua mchele, akasema, "Shaaban wangu hata ndoo ya maji ilikuwa inamshinda. Mungu kamtafutia kazi ya kivulini." Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Akasema, "Mikono ile ni ya kupima sukari, si ya jembe." Nikaitikia tena ndiyo. Akaniangalia. "Mbona leo unaitikia kama uko kanisani?"

Tafadhali toka kwenye hilo shimo. Matimba yako siyaamini. Hata banda la mbuzi ulilolijenga Bugarama liliinama.

Na lile ombi langu bado ninalo. Nataka kubatizwa Pasaka, naomba ruhusa yako. Ila kuna jambo sikulisema vizuri. Naogopa. Katekista anafundisha kwamba ubatizo ndio mlango. Baba hakupita kwenye mlango huo. Nikiingia mimi, ukifungwa nyuma yangu, baba atakuwa upande gani? Je, nitakuwa nimemwacha?

Mbuke

*

Nyarugusu
1 Machi 1982

Mbuke,

Marahaba. Nimecheka mpaka Shaaban akadhani nimepagawa. Yaani nimejifunga kamba mwenyewe! Banda la mbuzi liliinama kwa sababu beberu alikuwa analipiga pembe, liache banda langu.

Sasa tuache kucheka. Ruhusa sitoi.

Wewe unajiuliza kama utamwacha baba. Mimi sijiulizi. Shangazi ameota baba amekaa mlangoni mwa kile kijumba chake cha masamva, mizimu ya wazee, anaita, na anayemwita ni wewe. Si mimi, ni wewe, na unajua tangu utotoni alikuwa anakukalisha karibu. Shanga zake nyeupe, alizokuwa akivaa akiwaita wazee, mama amezitunza, zinakungoja. Ukibatizwa watakwambia hizo ni za Shetani, uzitupe. Baba atabaki na nani? Mimi ananiona mpumbavu tangu zamani.

Lakini sitaki useme kaka yako ni mkatili. Nakupa njia. Nenda kwa huyo katekista wako ukamuulize hivi: Yesu wenu alipofika huko kuzimu, alimwona Mzee Jilala, baba yetu? Akisema ndiyo, batizwa, na kuku nitaleta mimi. Akisema hapana, rudi Bugarama uvae shanga. Mimi ni mtu wa neno moja, nikisema nimesema.

Huku mvua ni nyingi. Ulaya wamepata tena, wanaimba kutuudhi. Juzi mmoja wao kaja kutuomba chumvi, Masele akamjibu, "Tangu lini Ulaya wakaomba chumvi Kuzimu?"

Bujiku

Mdogo wangu Mbuke, hapa ni mimi Shaaban, nimeomba nafasi chini ya karatasi. Mama aambiwe biashara inakwenda vizuri. Na mikono yangu aambiwe ni mizima.

*

Kambarage, Shinyanga
12 Machi 1982

Kaka Bujiku,

Shikamoo. Nimeuliza. Tena nimeuliza mbele ya wote, kwa sababu nilijua nikingoja watoke nami nitatoka nao.

Nilisema, "Mwalimu, Kristo aliposhukia kuzimu, alikuta akina nani?"

Katekista Thobias alifurahi, maana huwa siulizi kitu. Akasema, "Aliwakuta wenye haki wa kale waliokuwa wanamngoja. Adamu, Ibrahimu, Daudi. Akawafungulia."

"Na baba yangu je?"

"Baba yako nani?"

"Mzee Jilala wa Bugarama."

"Amefariki lini?"

"Mwaka wa sabini na tisa."

Akasema, "Basi huyo amechelewa."

Hakusema kwa ubaya. Yalimponyoka kama mtu anavyosema basi limeshaondoka. Lakini darasa zima walicheka, hata Esta rafiki yangu, kisha akajiziba mdomo. Mimi nilichukua daftari langu nikatoka.

Katekista alinifuata mpaka kwenye bomba la maji, huku anahema. Akasema, "Binti Jilala, nimejibu vibaya. Kweli ni kwamba sijui. Nimefundisha neno hilo miaka yote na hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu mtu mwenye jina. Padri akija kabla ya Pasaka, muulize yeye."

Nyumbani nikamsimulia Mama Shaaban, bila ya habari zenu. Akasema kwao Nabii Isa hakufa kabisa, alipaishwa, kwa hiyo hakuwa na haja ya kushuka popote. Kisha akaona machozi yangu, akaongeza, "Lakini baba yako Mungu anamjua, mwanangu. Mungu hasahau mtu kama mimi ninavyosahau chumvi." Nikazidi kuchanganyikiwa. Nilitaka jibu moja, sasa ninayo matatu, na hakuna hata moja linaloitwa ndiyo au hapana.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyeweka sharti. "Sijui" ni ndiyo au hapana? Nijibu upesi, Padri anakaribia kuja.

Na nimesikia mvua za huko. Toka kwenye hilo duara.

Mbuke

*

Kambarage, Shinyanga
28 Machi 1982

Kaka,

Hujajibu. Leo mwuza vitunguu sokoni alikuwa anasema kuna duara limeporomoka Nyarugusu na watu wamo ndani. Nikamuuliza linaitwaje. Akasema, "Mashimo nayo yana majina?"

Mama Shaaban alikuwa kando yangu. Akasema, "Masikini, watoto wa watu! Namshukuru Mungu wetu wako dukani." Akaendelea kuchagua vitunguu.

Barua hii nampa utingo wa lori. Andika neno moja tu. Si lazima liwe juu ya ubatizo. Sihitaji tena ruhusa, nahitaji kaka.

Mbuke

*

Nyarugusu
2 Aprili 1982

Mbuke,

Mimi ni mzima. Mkono wa kulia umefungwa vijiti, ndiyo maana mwandiko huu ni kama wa kuku. Shaaban naye mzima. Masele amekufa, na wenzetu wawili pamoja naye. Mimi na mwenzetu mmoja aitwaye Sikujua ndio tuliotoka.

Ulikuwa na haki kuhusu matimba. Niliyapanga mimi.

Nitakuandikia ilivyokuwa, maana nikisema kwa mdomo nashindwa. Tulikuwa chini watano. Maji yakaingia kando, ukuta ukaja. Sikuumia sana, ila nilifunikwa mpaka kifuani, mbele yangu pana tundu la kupitisha mkono. Masele alikuwa kushoto, nyuma ya mawe, namsikia, simfikii. Kule juu walimkataza mtu yeyote asishuke mpaka mvua ikatike. Shaaban ndiye aliyekuwa juu kwenye kamba. Akashuka.

Hakuweza kunitoa. Alijaribu, kifusi kikazidi kuja, akaacha. Angeweza kurudi juu akangoje na wengine. Alikaa. Akapitisha mkono kwenye tundu, akanishika. Unajua neno lake la kwanza? "Bujiku, umekula?" Kuzimu yote ile, mtu ananiuliza kama nimekula. Nikamtukana. Akasema, "Vizuri, una nguvu."

Akawa anazungumza nami, kisha anampigia kelele Masele, kisha ananirudia mimi. Anamsimulia Masele habari za mwanamke mmoja wa Shinyanga aliyeuza mbuzi mmoja mara mbili. Masele alicheka mara ya kwanza. Baadaye hakucheka. Baadaye tena hakuitika. Shaaban akaendelea. Nikamwambia, "Acha, amekwisha." Akasema, "Najua. Namalizia nilipofika."

Walipokuja na majembe mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, walimbandua kwangu kama kupe.

Sasa lile sharti langu. Barua yako ya katekista niliisoma nimelala. "Amechelewa." Ningekuwapo ningempiga. Lakini ilum­bu, dada yangu, mimi nami niliuliza vibaya. Niliuliza kama Yesu wenu alimwona baba. Kule chini hakuna kuonana. Giza limejaa mpaka mdomoni. Shaaban hakuniona hata kidogo, wala mimi sikumwona. Alinishika tu. Hakuniuliza naamini nini, wala nilichelewa wapi.

Kwa hiyo swali la haki ni kama alimshika. Hilo muulize Padri. Lakini halitakuwa sharti tena, maana mimi si mtu wa kuweka masharti mwaka huu. Shaaban alitushikilia sote kwa sauti yake, na tulitoka wawili. Sielewi hesabu hiyo. Kama wewe unaielewa, nieleze. Batizwa au usibatizwe. Mimi sijui kitu.

Shaaban anakuja huko mwenyewe kumwambia mama yake. Mimi naenda kwao Masele kwanza.

Bujiku

*

Kambarage, Shinyanga
12 Aprili 1982, Jumatatu ya Pasaka

Kaka Bujiku,

Shikamoo, na pole. Pole sana kwa Masele. Nilimchukia bure kwa mdomo wake usio na kitasa, na sasa natamani ningemsikia hata mara moja.

Shaaban alifika Ijumaa Kuu. Mama yake alikuwa anampokea kwa vigelegele, akamshika mikono, akaigeuza. Vigelegele vikakatika. Akasema, "Duka gani hili linalouza kucha za watu?" Shaaban akamwambia yote, palepale kizingitini. Mama Shaaban akampiga kwa ncha ya kanga, akalia, akampiga tena, akaenda kupika. Kisha akachungulia toka jikoni. "Na wewe, mwanafunzi wa Padri, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Toba! Na dini yote hiyo!"

Nikaenda kumchochea moto.

Nilimuuliza Shaaban kwa nini hakupanda juu alipoona hawezi kukutoa. Alinishangaa. Akasema, "Ningepanda nikafanye nini? Ninywe chai?"

Jumamosi asubuhi Padri alituita mmoja mmoja kutupima. Padri huyu ni mgeni kwetu, Msukuma wa upande wa Kahama, mzee, haoni vizuri. Nilianza Kanuni ya Imani vizuri. Nikafika akazikwa, nikanyamaza. Nikasema, "Padri, hapa siwezi kupita."

"Umesahau?"

"Sijasahau. Nataka kujua kama alimshika baba yangu."

Nikamweleza yote, kaka. Shanga, ndoto ya shangazi, sharti lako, mkono wa Shaaban kwenye tundu. Sijawahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mtu nisiyemjua. Na nikamuuliza pia hesabu yako, kwamba alishuka mmoja, alikaa na wote, wakatoka wawili.

Akasema, "Baba yangu alikufa na shanga zake shingoni, na mimi nilikuwa nimeshapewa upadri."

Nikamuuliza, "Sasa wewe ukifika hapo unafanyaje?"

"Nasema polepole," akasema. "Ningekuwa najua, ningesema najua. Maneno yanaanza na nasadiki."

Nikauliza kama hiyo ndiyo maana ya imani, kutojua. Akasema hapana, na akaanza kunieleza tofauti, lakini waliobaki nje walikuwa wengi na Katekista Thobias akakohoa mlangoni. Sikuielewa yote. Kuhusu hesabu yako hakujibu. Alisema atawaombea Masele na wenzake wawili, akaniuliza majina yao. Nilijua moja tu. Niandikie mengine mawili.

Nilibatizwa jana asubuhi. Mama alikuja toka Bugarama, shangazi hakuja. Nasikia amesema nimemfungia baba mlango. Maneno hayo yaliniingia, na yalikuwa bado yamo ndani wakati maji yananimwagikia. Sitakudanganya kwamba yalitoka. Mama amekuja na zile shanga, amezifunga kwenye kitambaa. Hakuniambia nivae wala nisivae. Ziko chini ya mto wangu, sijamuuliza mtu, na sijui nitazifanyaje.

Lakini nataka ujue jambo moja lililotokea. Tulisimama mbele ya kanisa zima kusema Kanuni ya Imani. Unajua sauti yangu, hata mwalimu wa hesabu huniambia nirudie. Tulipofika kwenye neno lile, wenzangu walilipita kama kawaida yao, na mimi nililisema kwa nguvu zote, peke yangu, mpaka watu wa mabenchi ya mbele wakageuka, na mtoto mmoja akaanza kulia.

Baadaye Katekista Thobias alinishika bega nje ya kanisa. "Binti Jilala, Padri amekwambia anasema polepole. Wewe mbona umepiga kelele?"

Nikamwambia nilitaka neno lile lisikike huko chini.

Mdogo wako,
Mbuke

(Jina jipya bado sijalizoea. Nitakwambia ukija.)